Lango la Nyuma la Mama Shyllon

Mtu anaweza kuwafungulia watu lango lake miaka nenda miaka rudi asitajwe hata katika sala. Siku atakapolifunga ndipo mtaa mzima utakapomjua kwa jina. Mama Eugenia Shyllon alilifunga lango lake la nyuma Jumapili, baada ya ibada, na kufikia Jumatatu hapakuwa na mtu juu ya kilima cha Makolo asiyelijua jina lake la ukoo na la ubatizo, pamoja na mengine kadhaa ambayo hakubatizwa nayo.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na mvua ya Agosti ilikuwa ikiishukia Freetown kama kawaida yake, bila kuuliza nani ana shughuli. Kijito kilikuwa kimekwisha kulichukua daraja la mbao lililo chini ya kilima. Hulichukua kila mwaka, bila chuki na bila kuchelewa. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mbao ya akina Shyllon, Iyamide alikaa ukingoni mwa kitanda, huku shangazi yake akimbana gauni kiunoni kwa pini. Siku hiyo watu wa Vandi Lahai walipaswa kuja na buyu la zawadi za posa kumposa.

"Tulia," alisema Anti Oredola, pini zikiwa katikati ya midomo. "Unajitikisa kama kuku aliyeona kisu."

"Hawatakuja, Anti."

"Watakuja. Mwanamume akishanunua kokwa za kola, haziachi zioze."

"Watapita wapi? Daraja halipo."

Anti Oredola alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye gauni, na alipokwisha hakuwa na kisingizio tena cha kunyamaza.

"Hilo kamwulize aliye na ufunguo," alisema.

Aliye na ufunguo alikuwa jikoni. Tangu alfajiri Mama Shyllon alikuwa amepika wali mwekundu wa karamu, amekaanga ndizi, amechuja bia ya tangawizi, na amezipanga bilauri sebuleni kwa ukubwa wake. Hakuwa ameikataa posa. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa huu: mlango wa mbele, unaotazama barabara ya lami, ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye heshima zake, lango la nyuma, linalotazama kilima, lilikuwa na kufuli. Kwamba mwenye posa alikaa upande wa kilima, na kwamba mvua ilikuwa imefuta njia nyingine zote zilizo salama, hayo yalikuwa mambo ya Mungu na ya ofisi ya mipango ya jiji. Katika ofisi hiyo ndimo alimofanya kazi binti yake.

Mapenzi ya Iyamide na Vandi yalianzia mkutanoni, mahali ambapo kwa kawaida huzaliwa usingizi. Jiji lilikuwa limeamua kujenga njia ambayo mvua haiwezi kuila: ngazi pana za mawe zenye vishikio, mteremko wa keke, yaani bajaji za magurudumu matatu, na mfereji mkubwa chini yake. Iyamide alipewa kazi ya kuwauliza wakazi ipite wapi. Alipanda kilima akasimama mbele ya watu ukumbini. Kabla hajamaliza salamu, mwanamume mmoja mrefu, aliyevaa sare ya uuguzi ya zahanati ya kilimani, alinyanyuka nyuma.

"Dada," alisema, "mara ya mwisho mlipotuuliza tulijibu. Leo mmekuja kuchukua majibu mengine, au mmeyaleta yale?"

Watu walicheka. Iyamide hakucheka, wala hakukasirika, alimtazama. Na yule mwanamume, aliyezoea kuona wageni wa ofisini wakitazama saa zao, alitazamwa mpaka akakaa chini mwenyewe. Baada ya mikutano michache alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Baada ya mingine michache alikuwa akimsindikiza Iyamide mpaka darajani, kisha mpaka ng'ambo ya daraja, na hatimaye mpaka mlango wa mbele. Mama Shyllon, aliyetoka katika ukoo wa Wakrio wa zamani, alichukua muda kumsamehe kuwa mtu wa kabila la Wamende. Alimsamehe aliporidhika kwamba anakwenda kanisani, na kwamba anakunja leso yake kabla ya kuirudisha mfukoni.

Wazo la chokaa lilikuwa la Iyamide, naye alijivunia. Watu wakiulizwa kwa maneno, aliwaambia wakuu wake, husema wanalodhani unataka kulisikia. Miguu haina adabu hiyo. Basi siku moja ya jua kila nyumba ilipewa kopo la chokaa lililotobolewa chini, na agizo moja: shukeni mpaka barabarani kwa njia ileile mnayoshukia mvua inapolichukua daraja. Mama Shyllon alikuwa kwenye mazishi ya rafiki yake siku hiyo. Watu walishuka. Mistari myeupe ilitoka kila pembe ya kilima, ikakutana, ikanenepa, ikawa mmoja. Iyamide aliufuata kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Upande wa kulia palikuwa na ukuta wa mfanyabiashara, uliochomekwa chupa. Upande wa kushoto ukuta wa shule, mrefu kuliko elimu yake. Katikati yake mstari mweupe uliingia chini ya lango la mabati lililokuwa wazi, ukapita kando ya jiko la mama yake, ukatokea barabarani.

Alikuwa amekulia humo. Tangu utotoni alisikia watu wakipita uani wakati wa mvua, kama wengine wanavyosikia mvua juu ya bati. Haikumpitia akilini kwamba ile ilikuwa njia. Alidhani ni mama yake tu.

Kichochoro cha kando ya jiko kilimtosha mtu mmoja na mzigo wake. Ngazi, vishikio, keke na mfereji havikutoshea. Wapimaji walipokuja na kamba zao, kamba ilikata jiko, ikakata ua, ikakata na chumba hiki ambamo sasa alikuwa akivalishwa. Kamati ilipiga kura ya kuukubali mstari, Vandi akiwa mwenyekiti. Jumatatu inayokuja Iyamide angeupeleka mbele ya madiwani.

"Mimi niliwafungulia kwa moyo wangu," Mama Shyllon alikuwa amesema Jumapili ile, akibana kufuli. "Sasa mmeupima moyo wangu kwa kamba mkasema ni mali ya watu. Wacha tuone mvua itasema nini."

"Iyamide!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua, nje ya lango. Anti Oredola alinyanyua kichwa.

"Huyo siye," alisema. "Siku ya buyu mchumba hukaa kwao. Niambie siye."

Iyamide alikwisha kutoka. Alijifunika kanga ya jikoni kichwani, akavuka ua wenye maji mpaka vifundoni, gauni la posa akiwa amelishika kwa mkono mmoja. Lango lilikuwa la mabati yaliyopigiliwa kwenye mbao. Baina ya bati na bati palikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa na jicho. Jicho moja ni kidogo kwa mtu aliyezoea uso mzima.

"Hutakiwi kuwa hapa," alisema.

"Najua. Mjomba Brima amenitukana njia nzima."

"Basi rudi."

"Watu wako nyuma yangu, wamejibanza chini ya mwamba. Mama Jeneba amelifunga buyu kwa nailoni, analipakata kama mtoto mchanga. Wananiuliza lango linafunguliwa saa ngapi. Niwaambieje?"

"Waambie ufunguo uko kiunoni kwa Mama."

"Hilo wanalijua. Kilima chote kinalijua. Ufunguo huo umeshatungiwa wimbo."

Siku nyingine angecheka. Maji yalishuka kwenye kope za lile jicho, nalo halikupepesa.

"Vandi, ungeweza kusema neno moja tu kwenye kamati. Ungesema njia izungukie kwenye machimbo ya mawe."

"Machimbo yaliporomoka mwaka juzi. Ulikuwepo. Nimpitishe nani kule? Nichagulie."

"Sikwambii umpitishe mtu. Nakwambia kuna mwanamke ana nyumba moja."

"Na kuna kilima kina njia moja."

"Unajibu kama mwenyekiti."

"Umeniuliza kama ofisi."

 Nyuma ya Vandi mtu alikohoa, kikohozi kirefu cha kifua cha kike, kisha akatema mate.

"Wiki hii," Vandi alisema, sauti ikiwa chini, "tulimteremsha binti wa fundi Sorie. Uchungu ulimshika alfajiri. Tulifika hapa na machela, tukakuta kufuli. Hatukubisha. Wenzangu walisema tubishe, mimi nikasema hapana, huyu mama amesema neno lake. Tukapanda tena, tukazungukia machimboni, yeye akiwa ameshika shati langu. Alijifungua salama, usitishike. Lakini tangu siku hiyo nikilala nasikia anavyohema."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ili iweje? Ili uibe ufunguo wa mama yako?"

"Ili nisikae peke yangu wiki nzima nikidhani umenichoka!"

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Tangu Jumapili hakuwa na mtu wa kusema naye. Ofisini walimpongeza kwa mstari wake. Nyumbani mama yake alimpakulia chakula bila neno. Na jioni, saa ambayo Vandi alizoea kumsindikiza, alipita mahali palipokuwa na daraja bila mtu ubavuni. Aligundua kwamba amewasikiliza wakazi wote wa Makolo, nyumba kwa nyumba, na hapakuwa na nyumba hata moja ambayo angeweza kuingia akalia.

"Sikukuchoka," alisema Vandi. "Nilikuwa sijui nije kama nani."

"Na leo umekuja kama nani?"

"Kama mtu anayelowa." Jicho lilisogea karibu na ufa. "Jumatatu utapeleka mstari upi?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia wiki nzima. Angeweza kuusogeza. Wakuu wake hawakujua kilima. Angewaambia machimbo ni imara, nao wangetia muhuri. Mama angebaki na jiko lake. Vandi angejua. Hangesema kitu, angemwoa, na kila Agosti angemtazama kwa jicho hilohilo, hata bila ukuta wa mabati.

"Uleule mlioutembea," alisema.

Alimsikia akishusha pumzi.

"Basi sitakuomba ufungue," alisema Vandi. "Nikikuomba leo, kesho watasema njia ilipatikana kwa posa. Nitawarudisha."

"Warudishe."

Iyamide alitamani Vandi akatae, naye hakukataa. Chini ya lango, kwenye nafasi ambayo maji yalipitia, vidole vyake vilijitokeza, vimekunjamana kwa maji. Iyamide aliinama, gauni la posa likazama kwenye maji ya uani, akaweka vyake juu ya vya Vandi.  Wapendanao wengi hupewa na dunia dakika moja ya kushikana mikono. Hawa walipewa vidole vinne na maji machafu, na hawakulalamika.

"Nani huyo anayekohoa?"

Mama Shyllon alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini, ingawa wali ulianza kunuka moto, na wali wa Mama Shyllon haukuwahi kuungua.

"Mama Jeneba," Iyamide alisema, akiinuka. "Shangazi yake Vandi."

"Nimesikia habari ya mstari. Uleule."

"Uleule, Mama."

"Nyumba ya baba yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyo hapo nje anawarudisha watu wake."

"Anawarudisha. Sitakuomba ufungue, wala hataniomba. Nitakaa na wewe."

"Kwa hiyo," Mama Shyllon alisema, "umenikosesha nyumba na umejikosesha mume, yote kabla ya chakula cha mchana. Elimu ni kitu kikubwa."

Kikohozi kilirudi, kirefu zaidi. Mama Shyllon alisikiliza mpaka kikaisha, kama mtu asikilizavyo hotuba ya mpinzani wake.

"Ana mzigo?" aliuliza.

"Ana buyu, Mama."

"Kichwani?"

"Amelipakata," alisema Vandi kutoka nje.

"Sikuongea na wewe." Aliuweka mwiko juu ya pipa la maji, akauchomoa ufunguo kiunoni. "Mtu mwenye mzigo hasimami mvuani langoni kwangu. Hilo sikufundishwa na jiji. Lakini tuelewane. Hawa nawapitisha, siwapokei. Atakayeniita mkwe hapa nyuma, nafunga. Wapite, watokee barabarani, na wakiwa na haja na nyumba hii, mlango wa mbele wanaujua."

Kufuli lilifunguka kwa shida. Wiki moja ya mvua ilitosha kulitia kutu. Waliingia kwa mstari mmoja, kimya, wakiwa wamelowa kama nguo za kufuliwa. Mbele alikuwa Mjomba Brima, fimbo mkononi, akitazama juu ili asije akasalimu kwa bahati mbaya. Nyuma yake Mama Jeneba na buyu lake. Kisha binamu wawili wenye sinia za kola na chupa. Walipita kando ya jiko, mabega yakisugua mbao, wakatokomea upande wa barabara.

Langoni akabaki Vandi. Uso ulikuwa mzima sasa, umekonda, ndevu za wiki nzima zikiwa zimeota bila mpango. Iyamide aliutazama kama mtu anavyotazama chakula cha jirani.

"Wewe hubebi kitu," Mama Shyllon alimwambia.

"Sibebi, Mama."

"Basi huna haja ya kupita."

"Sina, Mama. Siku ya buyu ninatakiwa kuwa kwetu."

"Angalau kuna mila moja unayoikumbuka," alisema, akalifunga lango mbele yake, taratibu, bila kulibamiza.

Ndani, Anti Oredola alilikamua gauni pindoni, akajuta kwa sauti, akamfunika Iyamide shela. Binti anayeposwa hukaa chumbani mpaka aitwe. Hivyo Iyamide alikaa peke yake katika chumba ambacho kamba ya wapimaji ilikuwa imekikata, akisikiliza posa yake kupitia ukuta wa mbao.

Mlango wa mbele ulibishwa.

"Nani?" aliuliza Anti Oredola, kana kwamba dunia nzima ingeweza kuwa nyuma ya mlango ule.

"Wasafiri," alijibu Mjomba Brima. "Tumetoka mbali."

"Mmetoka wapi?"

 "Juu," alisema Mjomba Brima, kwa tahadhari.

"Mmepita njia gani?"

"Shangazi, njia tumepitishwa. Hatuisemi."

Mtu alicheka, na barafu ikaanza kuyeyuka. Waliingia, wakakalishwa. Mjomba Brima alisimama, akasema maneno ambayo watu wa mji huu wameyasema vizazi na vizazi: kwamba walikuwa wakipita, wakaona katika bustani ya nyumba hii ua la waridi lililowanyima usingizi, na wamekuja kuomba walichume. Kama ilivyo desturi, wenye nyumba walijifanya hawajui ni ua gani. Wakamtoa binamu mmoja wa Iyamide, amefunikwa shela. Mjomba Brima akalifunua.

"Zuri kweli," alisema, "lakini sio letu."

Wakamtoa wa pili. Likawa vilevile, na kicheko kikaongezeka. Iyamide alinyanyuka, akiweka shela lake sawa. Baada ya wa pili ilikuwa zamu yake. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa aliposikia hatua nzito zikiingia sebuleni, na sauti ya Anti Oredola ikisema, bila utani, "Eugenia, unafanya nini?"

Wakati mwingine, kwa mzaha, humtoa bibi kizee, watu wakaangua kicheko. Walianza kuangua. Kisha kicheko kilikatika.

"Funua," ilisema sauti ya Mama Shyllon, ikitoka chini ya kitambaa.

"Mama, tafadhali..." alisema Mjomba Brima.

"Umekuja kufunua maua. Funua."

Iyamide alisikia kitambaa kikivutwa.

"Hili ndilo?" mama yake aliuliza. "Litazameni vizuri. Hili mlikwisha kulichukua, mkapiga na kura. Sasa semeni kama ndilo mlilolifuata."

Mjomba Brima, aliyewahi kupatanisha koo mbili kwa maneno matupu, alisikika akigongagonga fimbo sakafuni.  Hatimaye kiti kililia, na sauti ya kifua kibovu ikasikika.

"Silo," alisema Mama Jeneba. "Ua hili hatukulifuata, Mama Shyllon. Ua hili tumelikanyaga. Kila mvua nimepita hapo kwako na kuni, na samaki, na maiti ya mume wangu. Sikuwahi kukuletea hata ndizi. Nikadhani lango ni lango tu. Leo tumekuja na buyu la binti. La kwako hatukuleta. Tumekosa."

"Mmekosa," Mama Shyllon alikubali.

"Ukisema turudi, tunarudi."

"Mtarudi vipi, na daraja halipo? Kaeni. Anti Oredola, wape tangawizi. Nakwenda kumwuliza mwenyewe."

Mlango wa chumba ulifunguka. Mama Shyllon aliingia, kitambaa kikiwa begani, nywele zimevurugika kidogo upande mmoja. Hakuwahi kutoka mbele ya wageni hivyo. Alikaa kitandani, na Iyamide akakaa kando yake, kama walivyokaa wiki chache baada ya kumzika baba, wakati walipokuwa wakijifunza kuwa wawili.

"Wanakuomba," alisema.

"Nimesikia."

"Unamtaka?"

"Namtaka, Mama."

"Hilo nililiona. Umeharibu gauni kwa vidole vinne." Aliukunja mkunjo wa shela la binti yake, akaukunjua. "Ofisi yenu inasema nitapewa nyumba nyingine."

"Hapohapo mbele, upande wa barabara. Vyumba viwili, na veranda. Wamekubali. Hutahama mtaa, Mama. Utakaa ukitazama watu wakipita mchana kutwa."

"Watapita."

"Wengi kuliko sasa. Hutakuwa peke yako."

Mama Shyllon alimtazama binti yake, ambaye alikuwa amewasikiliza watu wa kilima kizima, mmoja baada ya mwingine, kwa subira iliyosifiwa hata na madiwani.

"Iyamide," alisema, "kwenye barabara mtu hapigi hodi."

Mama Shyllon alikiweka sawa kitambaa begani, akaendelea.

"Tangu baba yako afe, wewe uko kazini, mimi nasubiri mvua. Ikinyesha, wananiita. Mama Shyllon! Mama Shyllon, tufungulie! Natoka, namwuliza huyu mtoto wake anaendeleaje, namwuliza yule samaki kauzaje. Jua likiwaka, hakuna anayenijua. Nilipofunga, nilidhani watabisha. Wiki nzima nimekaa jikoni nasikiliza. Hawakubisha hata mmoja. Walifika, wakaona kufuli, wakarudi kwa adabu."

"Vandi ndiye aliyewaambia wasibishe," Iyamide alisema. "Kwa heshima."

"Najua. Ni kijana mwenye heshima sana." Alisema hivyo kama mtu anayetaja ugonjwa. "Olewa naye. Njia nayo ijengwe. Yule binti wa Sorie nilimzalisha mama yake. Sitaki nyumba yangu iue mtu. Nilitaka tu kuwe na mtu mmoja wa kuniuliza kabla hamjapima. Sio nyumba. Mimi."

Iyamide alimshika mkono. Ulikuwa na harufu ya wali ulioungua. Alitaka kusema atakuja kila siku, kwamba yeye na Vandi watabisha hodi kila jioni mpaka achoke. Lakini maisha yake yote alikuwa akiishi ndani ya nyumba hii, naye pia hakuwahi kubisha.

"Jamani!" Mjomba Brima aliita kutoka sebuleni, sauti ikijaribu kuchangamka. "Tunauliza tena, ua letu liko wapi?"

"Nenda," alisema Mama Shyllon. Alimfunika shela usoni kwa mikono miwili, akalinyoosha mabegani. "Usiwacheleweshe, wana mgonjwa wa kifua."

Iyamide alisimama. Kupitia kitambaa cheupe hakuona vizuri. Aliupapasa mlango, akaufungua. Sebuleni walianza kupiga makofi na vigelegele, na Mama Jeneba akaanzisha wimbo. Aligeuka mara moja kabla ya kutoka. Mama yake alikuwa bado amekaa kitandani, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza nyuma ya nyumba, ambako mvua ilikuwa ikinyesha na hapakuwa na mtu anayeita.